Kupe Aliyeninyima Nyama

Kazi yangu ilikuwa kumtunza ajuza mmoja wa Kizungu kaskazini mwa Sydney, kwenye nyumba iliyopakana na msitu. Siku moja, nikianika shuka zake, nikahisi kitu nyuma ya sikio. Alikuwa kupe. Nikamng'oa kwa kucha, kama tulivyozoea kwa ng'ombe wa baba.

Nilikuwa nimesoma habari za ugonjwa wa Lyme unaoenezwa na kupe ng'ambo, nikaingiwa na hofu. Daktari akanituliza: haijathibitishwa kwamba kupe wa huku wanaeneza Lyme, ingawa watafiti bado wanachunguza maradhi wanayoleta. Nikasahau.

Miezi ikapita. Kukawa na sherehe ya ubatizo kwenye kitongoji cha Rooty Hill, Wakenya wenzangu watupu, nikala mbuzi nikashiba. Jioni, kwenye treni ya kurudi kwangu Toongabbie, viganja vikaanza kuwasha, midomo ikavimba, pumzi ikawa ya kutafuta. Abiria nisiyemjua ndiye aliyeita ambulensi.

Hospitalini daktari akaniuliza, "Umewahi kuumwa na kupe?"

Nikadhani sikumsikia vizuri. Akaeleza kwamba mate ya kupe yaliufunza mwili wangu kuikataa nyama ya mnyama yeyote anayenyonyesha: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe. Kuku na samaki nile tu.

Nikampigia mama.

"Kupe?" akasema. "Tumeishi na kupe maisha yetu yote, mwanangu. Huko mmepewa kupe gani?"

"Wa kwao, mama."

"Sasa ukija nyumbani nitakuchinjia nini?"

"Kuku."

"Kuku ni wa wageni."

Mwanzoni nilikwenda kwenye sherehe na kuku wangu kwenye kopo. Akina mama wa kanisani walinihurumia, kisha wakachoka. Mmoja alinisihi nionje mchuzi tu. Mwingine akasema nimejifanya Mzungu. Hata moshi wa jiko la nyama nilikuwa nauogopa, kwa hiyo nilikaa upande wa pili wa ua, peke yangu, na watu wakaona najitenga. Mialiko ikapungua, nami sikuiulizia.

Baadaye nilijitolea kutoa damu kwa watafiti wanaouchunguza ugonjwa huu; walisema wagonjwa wanazidi kujitokeza. Dada aliyenichoma sindano aliniuliza ni kitu gani ninachokikosa zaidi. Nadhani alitarajia nitaje chakula.

"Kuitwa," nikamwambia.

Akanibandika pamba, akanishikilia mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Siku hizi Jumamosi hukaanga samaki, nikafungua redio ya nyumbani kwenye simu, nikala huku wakisoma matangazo ya vifo.