Moza na Nguo za Baharini

Kwetu Micheweni mwanamke anayelima mwani ana nguo za nchi kavu na ana nguo za baharini, na hazichanganywi. Za nchi kavu ni buibui, mtandio, na kanga iliyofungwa ikafungika. Za baharini ni gauni kuukuu lililopigwa fundo juu ya goti, suruali ya mume iliyochoka ndani yake, na kitambaa cha kichwa cha kukinga jua. Maji yakisharowesha, nguo hushika mwili. Hakuna anayeona haya, kwa sababu wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, vile vipande vyetu vya mwani huwa kama uani. Mwanamme akitokea na mshipi wake wa kuvulia hukohoa tangu mbali, akageuza uso mpaka apite. Hilo hakufundishwa na mtu. Kalikuta.

Mwalimu Moza binti Nyange hakulikuta. Yeye kazaliwa Konde, babaake akiuza vitambaa sokoni, na bahari alikuwa akiiona akipita tu. Alikuja kwetu kwa ndoa, alipoolewa na Pandu, fundi wa baskeli, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Alikuwa keshasomea ualimu wa sayansi. Mtu mpole, mwepesi wa kucheka, sala zake hazimpiti, na akipika kitu hakili mpaka bakuli lifike kwangu kwanza. Nilimpenda kama niliyemzaa.

Mwaka ule skuli nyingi za upande wetu zilipewa projekta na tableti chache. Karibu zote zilitiwa kabatini zikapigwa kufuli, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa mwalimu mkuu, maana kikivunjika kitu nani atajibu? Kituo cha walimu kikamteua Moza azunguke skuli za jirani awasaidie wenziwe wavitumie. Waliomtangulia walikuwa wakija kuonesha vifungo, hiki cha kuwashia na hiki cha kuzimia, kisha wanakwenda zao. Moza alikuwa akiketi kitako na mwalimu, anamuuliza somo gani linamtoa jasho. Akishaambiwa, ndipo anapotoa simu.

Mwalimu Ame, mtu mzima ambaye kustaafu kwake kulikuwa kumekaribia, alimkaribisha kwa kejeli mbele ya wenzake.

"Yakhe Moza, mie na kidude chako hiki hatujuani. Wala ukoo wake siujui."

"Basi leo nakuja kukuposea, Mwalimu Ame."

"Na mahari atatoa nani?"

"Utatoa wewe somo linalokushinda."

Ame akakuna ndevu. "Sehemu," akasema. "Watoto wangu moja ya tatu hawaielewi hata uwatilie kwenye uji."

Moza akampeleka sokoni Konde na simu mkononi. Ame akapiga picha mafungu ya machungwa, pweza akikatwa vipande, mkate wa mofa ukigawiwa watu watatu. Asubuhi yake picha zikamulikwa ukutani kwa projekta, na watoto wakawa wanapiga kelele za majibu mpaka darasa la jirani wakasimamisha masomo yao. Tangu siku ile Mwalimu Ame akawa haachi simu, kama kijana aliyechumbia.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Moza. Na hivyo hivyo, kwa nia njema, ndivyo alivyoingia katika lililomfika.

Watoto wa pwani walikuwa wakikosa skuli siku za bamvua, kwenda kuwasaidia mama zao. Na wakiwepo, wanakaa nyuma kimya kama wageni. Moza alikuwa akiniambia, "Bi Kijakazi, hawa wanaona skuli ni ya watu wengine. Nataka wawaone mama zao ukutani, wajue kwamba mwani nao ni sayansi." Darasa lake la sita lilikuwa linakaribia somo la viumbe vya baharini. Basi siku moja ya bamvua akaja pwani, akasimama ukingoni na viatu mkononi, akatuamkia wote. Kisha akamwita shoga yangu Bimkubwa, aliyekuwa mbele yetu.

"Bimkubwa, nikupigeni picha, watoto wasomee?"

"Piga, mwanangu. Lakini ole wako ukinionesha mapengo!"

Tukacheka sote. Sisi tulidhani ni picha ya mwani. Moza aliwasha simu akatuchukua kwa video tukiwa tunafunga kamba, tunachutama, tunasimama, tunarushiana maji, na Bimkubwa akicheka kile kicheko chake kinachosikika mpaka msikitini. Mimi nimo, mgongo tu.

Akaionesha darasani juu ya shuka nyeupe. Waliokuwepo wananambia lilikuwa jambo la kupendeza. Watoto wa kike waliruka, "Mamangu yule!" Mwanawema, binti wa Bimkubwa, ambaye hajapata kunyoosha mkono, alisimama mwenyewe akawaeleza wenziwe mche unavyofungwa, na kwa nini ukiachwa sana hukatika wenyewe. Moza machozi yalimlengalenga. Nyuma wavulana walikuwa wakicheka, naye akadhani ni furaha. Mwalimu aliyezaliwa kwetu angelijua kile kilikuwa kicheko gani.

Jioni akaipeleka picha ile katika kundi la walimu la kwenye simu. Akawaandikia wajaribu mfano wake, kila mmoja kwa kazi za wazazi wa wanafunzi wake. Walimu wakamshukuru. Na mmoja wao, au wawili, Mungu ndiye ajuaye, wakaipeleka mbele.

Mume wa Bimkubwa, Mbarouk, alikuwa Wawi akijenga nyumba za watu. Wakati wa kula, saramala mwenzake akamfungulia simu. "Hebu njoo uwaone wanawake wa kwenu wanavyocheza na maji." Mbarouk alikitambua kicheko cha mkewe kabla hajaiona sura. Aliosha mikono, akaenda kando, akapiga simu nyumbani.

"Mke wangu anatembezwa katika mikono ya watu," alimwambia Bimkubwa. "Skuli inayomtoa mama nje, mwanangu hasomi humo. Mwanawema asitoke kesho."

Mtoto mwenyewe alikuwa keshapata yake. Wavulana walimpa jina. Akipita tu, "Sinema kaja! Leo inaanza saa ngapi?" Wengine walikuwa wakichutama na kujikunjia nguo mpaka magotini, wakiigiza. Alivumilia, hakumwambia mamaake. Alipoambiwa asiende, alikwenda akakunja sare yake akaiweka.

Na mtihani wa darasa la sita ulikuwa mlangoni. Mtoto kama yule akiuacha, kwetu, harudi tena. Kinachofuata ni kamba za mwani na kungoja mume.

Moza aliona kiti kitupu. Akenda kupiga hodi, akajibiwa kwa ndani, "Mama hayupo," na huku Bimkubwa anasikika akikohoa. Akaja kwangu amepauka.

"Bi Kijakazi, mie nimekosa nini? Niliwaomba, wakaniruhusu."

Nikamweleza, nguo za baharini na nguo za nchi kavu. Nilivyokuwa nikisema, alikuwa akijifunika uso kidogo kidogo kwa mtandio, mpaka akabaki macho.

"Mbona hamkunambia?"

"Mwanangu, nani humwambia mwenziwe kwamba usiku kuna giza?"

Akaanza kukimbilia simu. Akaifuta picha kwake, akawapigia walimu mmoja mmoja, akawaapisha. Kila mmoja alisema kafuta, na naamini walifuta. Lakini mmoja keshampa shemeji yake, na shemeji kampa nani? Mwalimu mkuu alimwambia aache, watu watasahau, jambo la kwenye simu halidumu. Kweli halidumu kwa aliyelitazama. Kwa aliyetazamwa linadumu.

Bamvua iliyofuata alinijia alfajiri baada ya sala. "Nipe gauni lako moja la baharini," akasema. Nikampa. Tukaingia majini pamoja, yeye akijikwaa kila hatua, mawe yakimchoma, hana mazoea. Bimkubwa alimuona lakini hakuinua uso. Mikono yake ilikuwa ikifunga, ikifunga.

"Bimkubwa, nimekuja kukuomba radhi."

Bimkubwa akafunga mche mwingine.

"Nilikuwa nataka watoto wakuoneni mlivyo watu wa maana."

"Kwani tulikuwa hatuna maana kabla hujaja na simu?"

Mmoja wa wanawake akaguna. Moza akasema, "Nisamehe. Sikujua."

Hapo Bimkubwa akasimama. "Sikukukasirikia kwa kupiga picha. Nilikukubalia kwa mdomo wangu, hawa mashahidi. Lakini nilikukubalia nikiwa ndani ya maji. Wewe ukanitoa mpaka barabarani na nguo za ndani ya maji. Hata kanga ya kujitupia hukunipa." Kisha akasema, "Mimi nimekusamehe, duniani na akhera. Sitaki nikutane na Mola wangu na kinyongo cha mtu. Lakini mtoto ana babaake, na mimi siwezi kumpita."

Moza alitaka kumbusu mkono, Bimkubwa akauvuta. Si kwa ubaya. Ulikuwa umejaa chumvi na mchanga. Kisha akampa ncha ya kamba aishike, na Moza akaishika mpaka maji yalipoanza kurudi.

Tukapanda gari kwenda Wawi, Moza, mumewe Pandu na mimi, maana si adabu mwanamke kumwendea mume wa mtu bila ya mtu mzima. Tulimkuta Mbarouk juu ya ukuta. Alishuka, akanawa, akatuletea maji ya kunywa na kiti kwa ajili yangu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Yale maji yalinitisha zaidi.

Pandu ndiye aliyeanza. "Kaka, tumekuja na kosa letu."

"Nimelisikia. Bimkubwa kanambia mlikwenda mpaka majini." Akamtazama Moza, kisha akatazama chini. "Mwalimu, mie sina ugomvi na wewe. Nimekusamehe. Mwanamke aliyeingia baharini kuomba radhi, nikimkatalia nitakuwa mtu gani?"

"Basi Mwanawema arudi skuli," Moza akasema upesi. "Mtihani umekaribia, Bwana Mbarouk. Anaweza. Nakuapia, yule mtoto anaweza."

"Kusoma atasoma."

"Alhamdulillahi!"

"Atasoma huku. Dadaangu yuko hapa Wawi, ana nafasi. Pale kwenu harudi. Wavulana wanamwita jina lile, na jina huwezi kulifuta kama ulivyofuta picha."

Moza akamsihi. Akasema mtoto atahamishwa kwa walimu asiowajua, wakati huu wa mwisho, na mamaake atabaki peke yake na kazi ya mwani. Akasema atawaadhibu wale wavulana, atawaleta na wazazi wao. Mbarouk alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, na akasema lile lile. Tulirudi tumepata tulichokiomba, na hakuna hata mmoja wetu aliyefurahi.

Siku ya kuondoka, gari za Wawi zilikuwa zikiondokea Konde, tukamsindikiza Mwanawema mpaka pale. Bimkubwa alikuwa amevaa buibui lake zuri, kila mara akimfungia binti yake mtandio ambao ulikuwa umeshafungwa. Moza alisimama pembeni. Alikuwa amemletea vitabu viwili vya mazoezi ya mtihani, hajui kama atapokewa. Mwanawema alikwenda mwenyewe akavipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwalimu." Kisha akasogea, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia. "Mwalimu, wale watoto wa huko Wawi, nao wameiona?"

Mtu mwingine angesema hapana, ili mtoto apande gari kwa amani. Nilimuona Moza akitaka kusema.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Wallahi sijui."

Mwanawema akaitikia kwa kichwa. Aliishusha mitandio yake miwili, maana alikuwa amepewa na wa mama aongeze juu ya wake, akaivuta mpaka karibu na nyusi, ndipo akapanda. Gari ilipoondoka Bimkubwa alishika mkono wangu, si wa Moza. Lakini hakumfukuza. Tulirudi watatu kwa miguu sehemu ya njia.

Moza aliomba kituo kimpe mtu mwingine kazi ile. Wakamwambia hakuna mwingine, na walimu wanamtaka yeye. Kwa hivyo anaendelea. Anapiga hodi ofisini, anaketi kitako, anauliza somo gani linakutoa jasho. Ila kile kicheko chake chepesi kimepungua, na bakuli linalokuja kwangu siku hizi linaletwa na Pandu.

Wiki ile ile aliyoondoka Mwanawema, Mwalimu Ame alimngoja mlangoni mwa darasa na simu yake, ana furaha. Alikuwa amepiga picha mbuzi tangu anazaa mpaka kitoto kikasimama na kunyonya, kwa ajili ya somo la wanyama.

"Tazama, yakhe, tazama! Kwa hino, leo watoto watalia kwa raha."

Moza alitazama mpaka mwisho. "Umeomba ruhusa?"

"Ruhusa?" Ame akaangua kicheko. "Ya mbuzi?"

Moza hakucheka. Alimuuliza ni mbuzi wa nani.