Pole au Samahani?

Jumanne nilikwenda studio moja ya picha Makambako kuchukua picha zangu za paspoti. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja wa Matembwe, aliyekuwa ameleta picha pekee ya marehemu binti yake ikuzwe. Mpiga picha akamrudishia karatasi iliyovimba kwa maji, uso umefutika.

"Sori, bibi," alisema, macho yakiwa kwenye simu.

"Sori ndiyo pole, au ndiyo samahani?" bibi akauliza taratibu.

"Yote ni yale yale."

"Hapana, mwanangu. Pole nilipewa msibani. Samahani ndiyo naisubiri kwako."

Mpiga picha akaweka simu chini. "Nisamehe, bibi. Niliiacha dirishani, mvua ikainyeshea."

Bibi akaifunga ile picha kwenye pindo la kitenge. "Nimekusamehe. Ila nilikuwa namwangalia kila asubuhi."

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha kwamba neno hilo la Kiingereza, sori, zamani lilitokana na neno la kidonda. Aliyelitamka alikuwa anaumia kweli. Sisi tumeliazima neno, maumivu yake tukawaachia wenyewe. Hata mimi niliyejua hayo nilichukua picha zangu nikatoka, sikumwambia bibi yule hata pole.