Sabufa na Marahaba ya Baba

Baba alikuwa akirudi nyumbani ananuka pumba. Hata akioga, harufu ya unga wa moto ilibaki kwenye nywele, maana mashine yetu ya kusaga, pale Mabwerebwere, ilinguruma tangu asubuhi naye yuko kando yake. Nilipokuwa darasa la tano, harufu hiyo ilianza kunitia hofu. Nilimwamkia shikamoo akiwa amenipa mgongo anavua viatu, naye kimya. Kwetu mtu mzima asipokuitikia marahaba, ujue umemkosea, tena si kidogo. Nilijichunguza mpaka nikachoka. Nikamfulia mashati bila kutumwa. Wapi! Mama aliniambia niache kujipendekeza, lakini yeye mwenyewe alikuwa akisemesha mgongo wa baba na kuishia kusonya. Nyumba ikawa nzito. Nilimchukia baba, nasema kweli, na huku nalia kwa kumtaka.

Ndipo akanunua sabufa, lile boksi la besi na vispika vyake viwili vidogo. Akaliweka kwenye kona. Alipowasha taarabu, mabati yalitetemeka na vikombe vikagongana kabatini. Akalisogeza mbali na ukuta, besi ikatulia, akakaa kwenye kochi kusikiliza. Akakunja uso. Akainuka, akachomoa nyaya za vispika na kuzichomeka tena.

“Wameniuzia mbovu,” akamwambia mama. “Besi ipo, mwimbaji hayupo.”

Mimi nilikuwa mlangoni nyuma yake, namsikia mwimbaji mpaka anavyovuta pumzi. Nikasema, “Baba, mbona anaimba?” Hakugeuka. Alizungusha nobu ya trebo, ile ya sauti nyembamba, hadi mwisho, sauti ikawa kali ya kukata masikio, mama akatoka nje. Baba akainamia kispika, akakibana sikioni. Kisha akaweka kiganja juu ya sabufa, akatikisa kichwa, akazima.

Nikamsogelea kwa nyuma. “Shikamoo, baba.” Kimya. Nikazunguka mbele yake, nikarudia. Akanitazama midomo.

“Marahaba, mwanangu. Kumbe umesharudi shule?”

Nilikuwa nyumbani tangu mchana. Nilikwenda jikoni kumwambia mama kwamba baba hasikii, na kwa mara ya kwanza nilimwona mama anakaa chini bila kutafuta kigoda.

Leo naishi Mikumi na baba yuko kwangu. Spika zangu naziamuru kwa simu, hazina hata waya, lakini ile sabufa ninayo, nimeiweka karibu na kiti chake ili aiguse. Wanangu wamezoea kuzunguka mbele kabla ya kumwamkia. Marahaba niliyoililia sasa ninayo tele. Akiona tu midomo yangu inacheza, anaitikia marahaba, hata ninapomuuliza kama amekula.