Mzigo wa Mcongo wa Korsika

Mwaka 2006, Papa Évariste, Mcongo wa Hodge Hill kwa Waingereza, aliwaambia wenzake kanisani kwamba anakwenda Korsika, kisiwa cha Wafaransa chenye milima mirefu.

"Kuna nani kule?" akauliza Mama Denise, kiongozi wa kwaya.

"Hakuna mtu. Ninaenda kutembea."

"Kutembea kwa nani sasa?"

"Kwa mlima."

Basi ikawa kazi. Mtu mzima, anayepanga maboksi kwenye ghala la Digbeth siku sita kwa wiki, apande ndege kwenda kuuamkia mlima! Walimwombea wiki mbili mfululizo. Lakini Évariste alikuwa na hamu moja tu, na ilikuwa imemkaa rohoni miaka kumi. Vita ilipowatoa kwao Uvira, kule Congo, alivuka milima na godoro kichwani na sufuria mkononi. Alitaka, kabla hajafa, apande mlima mmoja mikono mitupu.

Asubuhi ya safari, Mama Denise akaja mlangoni na kilo nzima ya ndagala za kukaanga, dagaa wa kwao. Kwa Wacongo hawa msafiri haendi bila cha kupeleka, na mzigo ukishapokelewa haurudishwi wala hautupwi.

"Mpe Mcongo yeyote utakayemkuta," akasema.

Kule Korsika, siku tatu Évariste alimtafuta huyo Mcongo. Akauliza sokoni, akauliza bandarini. Akamwamkia kwa Kiswahili mfagiaji mmoja, kumbe mtu wa Senegali, akamwangalia tu na kuendelea kufagia. Siku ya nne mwenye hoteli akasema harufu ile itoke, naye atoke nayo. Évariste akapanda mlima na samaki mgongoni, anasonya njia nzima, machozi yanamlenga. Jamani, hata huku na mzigo!

Kileleni hapakuwa na mtu. Akakaa juu ya jiwe, akakohoa kidogo, kisha akauliza kwa sauti, "Papa, wewe ni Mcongo?"

"Ndiyo, ni Mcongo," akajijibu.

"Mama Denise anakusalimia. Amekutumia ndagala."

"Aksanti sana."

Akazila zote, taratibu, mpaka jua likageuka. Akashuka akipunga mikono yote miwili.

Jumapili Mama Denise akamdaka mlangoni mwa kanisa. "Ulimpata?"

"Nilimpata mmoja, kule juu kabisa."

"Maskini. Ana hali gani?"

Évariste akafikiri. "Alikuwa amechoka sana, mama. Lakini nilipomwacha, hakuwa na mzigo."