Mwindaji Juu ya Mti

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Nilimtambia rafiki yangu Ayubu kwamba nguruwe pori wanaomaliza mahindi yetu huku Ndalambo nitawachoma mkuki peke yangu.

Tulipowafuata porini, dume la kwanza lilipotukimbilia, niliutupa mkuki, nikaparamia mti. Likang'ata suruali yangu pana. Nilipojivuta juu, likabaki nayo.

"Ayubu, nakufa!" nililia, mti ukitikisika.

Ayubu alikuwa juu ya mti wa pili, anasali.

Ghafla dume likatimka na suruali. Walikuwa wanakuja akina mama waokota uyoga, na aliyetangulia ni mama mkwe wangu, ambaye kwa mila zetu hata njiani tunapishana kwa mbali.

Alinigeuzia mgongo, akafungua kitenge chake cha juu, akakiacha chini ya mti.

"Mwambieni mwindaji wetu ashuke, ajifunge."