Programu Iliyobeba Maktaba Zake

Simu ya Endulen ilimkuta Germana Tluway uani kwao Qurus, Karatu, akimsaidia mama yake kupura mbaazi. Alipoona jina tu alijua. Mwaka ule ilikuwa mara ya tatu.

“Shikamoo dada Germana. Programu imegoma tena,” alisema Naishorua, afisa mifugo wa kule. “Inasema haioni maktaba. Na ng'ombe wa chanjo wamesimama nje tangu asubuhi.”

“Marahaba. Waandike kwenye daftari kwanza. Nakuja kesho.”

Programu ile aliiandika Germana mwenyewe, miaka sita nyuma. Ilitunza namba za hereni za ng'ombe na chanjo walizopata, na vituo saba viliitumia, toka Kansay mpaka Endulen. Ila kama fundi yeyote, hakuandika kila kitu. Aliazima vipande vilivyoandikwa na wengine: kimoja cha kusoma tarehe, kingine cha kupanga orodha, kingine cha kufunga taarifa zisisomwe na kila mtu. Vipande hivyo ndivyo mafundi huviita maktaba. Alipokuwa chuoni Arusha alifundishwa kuviacha nje ya programu, ivitafute ndani ya kompyuta kila inapofunguliwa. Programu inakuwa nyepesi, na maktaba moja inatumiwa na programu nyingi.

Chuoni hawakumwambia kuhusu barabara ya Endulen. Kila mafundi walipopita kusasisha kompyuta za vituo, maktaba za zamani ziliondoka, mpya zikaingia, na programu ya Germana ikagoma kufunguka.

Kesho yake alipanda gari la abiria lililokuwa limebeba na magunia ya mahindi. Kwenye geti la hifadhi walisimamishwa saa nzima. Juu ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa mzito. Alipofika Endulen mgongo ulikuwa unamuuma hata haushikiki. Mzee mmoja aitwaye Supeet alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na josho la kuogeshea mifugo, akimsubiri. Alikuwa ameswaga ng'ombe zake kwa mwendo wa saa tano kuja pale, akalala palepale ili apate cheti chake cha chanjo, ambacho programu ndiyo hukitoa.

“Mwanangu, hiyo mashine yako inaumwa nini?”

“Kuna kitu chake kimehamishwa, mzee.”

“Si ungekifunga ndani?”

Germana aliingia ofisini. Alirudisha maktaba iliyotakiwa, programu ikafunguka, mzee akapata cheti. Lakini njia nzima ya kurudi Karatu alilifikiria lile swali, na wiki iliyofuata aliijenga programu upya, safari hii akizifungia maktaba zote ndani yake. Ilikuwa nzito mara kumi ya ile ya kwanza. Aliitia kwenye flashi akazunguka vituo vyote saba.

“Mbona imenenepa hivi?” aliuliza Naishorua.

“Imebeba kila kitu chake. Hata wakisasisha kompyuta, haiombi kitu kwa mtu.”

Miezi minane simu haikulia. Mama yake akasema amenawiri kidogo.

Kisha habari zikatoka kwamba maktaba ile ya kufunga taarifa ina ufa, mtu mjanja anaweza kupenya na kusoma kila kitu. Kwenye programu nyingine lilikuwa jambo dogo: kompyuta inasasishwa mara moja, zote zinapona. Ya Germana haikupona. Maktaba yenye ufa ilikuwa tumboni mwake, na hakuna mwingine ambaye angeweza kuitoa. Aliijenga tena kwa maktaba iliyozibwa ufa, akanywa vidonge viwili vya mgongo, akaanza upya na Kansay.

Endulen aliifikia siku ya nne. Naishorua alimpa chai ya maziwa, akamtazama anavyojikalisha taratibu kwenye benchi.

“Dada, si urudishe ule mtindo wa zamani? Utazunguka hivi mpaka lini?”

Germana alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikwisha kulipima hilo njiani, kituo baada ya kituo, na hakuwa amepata njia isiyochosha.

“Ule wa zamani ulikuwa unaharibika siku ya chanjo, watu wamesimama na mifugo,” alisema. “Huu nakuja siku ninayopanga mimi. Leo nje hakuna mtu.”

Naishorua alichungulia dirishani. Josho lilikuwa tupu kweli. Akamwongezea chai, Germana akachomeka flashi na kungoja programu ijinakili, polepole, maana ilikuwa nzito.