Siku Etelvina Alipokuwa Mgeni Oviedo

Mji mzima wa Oviedo, kaskazini mwa Hispania, uliujua mkono wa Etelvina Cueto, lakini sura yake haukuijua. Tangu alipoolewa na marehemu Laureano, maisha yake yalikuwa ndani ya jiko la baa yao katika mtaa wa Gascona, nyuma ya ukuta wenye kidirisha cha kupitishia sahani. Wateja waliona viganja viwili vyekundu vikisukuma bakuli la maharage, wakasikia sauti ikisema, "Chukua, yanapoa!" Basi. Asubuhi alishuka kutoka ghorofani kwake, akaingia kwa mlango wa uani, na jioni alitokea huko huko. Hata siku ya mazishi ya Laureano, wateja walikwenda kumpa pole Oliva, wifi yake aliyekaa kaunta, wakidhani ndiye mjane. Oliva alizipokea zote bila kusita, na Etelvina humtania kwa hilo mpaka leo.

Asifikiriwe kuwa alikuwa mnyonge. Mkono wake ulikuwa mzito na ulimi mwepesi. Jiko lake lilitazamana na la Servando, mwenye baa ya jirani, na kati yao palikuwa na ua mwembamba wa kuanikia matambara na madirisha mawili yaliyojaa mvuke. Kupitia mvuke huo walirushiana maneno mwaka nenda mwaka rudi.

"We Servando, leo unachemsha soksi?"

"Nachemsha, ndiyo! Nyama nzuri zote zimekimbia harufu yako!"

Walitukanana hivyo kila siku ya Mungu, na siku mmoja wao alipoumwa, mwenzake alikoroga sufuria kwa uvivu. Lakini kukaa meza moja, hata mara moja, hapana. Nani angekuwa na nafasi?

Jumanne moja ya majira ya machipuko, bomba la maji lilipasuka chini ya sakafu ya jiko la Etelvina. Mafundi wakaja, wakavunja vigae, wakachimba shimo la kutosha kuzika punda. Etelvina alisimama juu yao akiwaelekeza namna ya kushika nyundo, mpaka Oliva akaishiwa subira.

"Wifi, nakuomba. Toka. Nenda zako mahali."

"Niende wapi mimi?"

"Mji mzima huo! Nenda ukale kama watu wengine. Hawa mafundi wakikuvumilia saa moja zaidi, watatuachia shimo na kuondoka."

Etelvina akanuna, lakini alipanda juu, akavaa koti lake la buluu la kanisani na viatu vyenye kisigino, akapaka na rangi kidogo mdomoni. Aliposhuka alitoka kwa mlango wa mbele. Nje manyunyu yalikuwa yanaanguka kama kawaida, mapipa ya sidra, ile pombe ya matufaha, yamepangwa ukutani kama mapambo, na watu wamejaa milangoni mwa baa, bilauri mkononi. Mtaa huu alikuwa akiusikia tu. Akasimama katikati yake akitazama huku na huku, na hapo mwanamke mmoja mwembamba mwenye miwani na ramani iliyolowa akamsogelea.

"Samahani, dada. Na wewe ni mgeni hapa?"

Hakujua nini kilimwingia. "Mgeni, ndiyo," akasema.

"Ahsante Mungu! Unatoka wapi?"

"Burgos," Etelvina akajibu, kwa sababu ndilo jina la mji la kwanza lililomjia.

Yule mwanamke aliitwa Felisa. Alikuwa fundi cherehani kutoka Palencia, ameshona sare za shule maisha yake yote, na sasa amestaafu na kuamua kutembea. Tatizo, alieleza huku akiona haya, ni kwamba hajawahi kuingia baa peke yake. Tangu asubuhi alikuwa akipita mbele ya milango, anasoma ubao wa vyakula, anameza mate, anapita. Alichokuwa amekula ni ndizi moja hotelini.

"Ndizi!" Etelvina alishtuka kana kwamba ameambiwa habari ya msiba. "Ndizi, Oviedo? Nishike mkono, twende."

Baa ya kwanza walikula jibini lenye ukungu wa buluu, lile linalochoma ulimi, kwa mkate. Felisa alipolitia mdomoni macho yalimtoka, akapiga meza kwa kiganja, kisha akakata kipande kingine kikubwa zaidi. Etelvina alisahau cha kwake mkononi. Alikuwa amelisha watu elfu kwa elfu katika maisha yake, lakini uso wa mtu anayeonja kitu kwa mara ya kwanza hakuwahi kuuona hivi, kwa karibu. Sahani zilitoka kidirishani zimejaa, zikarudi tupu. Yaliyotokea katikati aliyaamini tu.

"Mbona huli?" Felisa akauliza.

"Nakula, nakula," akasema, huku akiendelea kumtazama.

Walipotoka, Felisa akapata ujasiri, akaelekeza kidole. "Tuingie ile pale! Inanukia vizuri."

Ilikuwa baa ya Servando. Etelvina akaanza kutaja sababu, oo, watu wengi, oo, miguu, lakini mwenzake alikwisha kutangulia. Akaingia nyuma yake ameinamisha kichwa na kuchagua meza iliyo mbali na jiko.

Mhudumu alikuwa Nel, mwanamume wa makamo mwenye masharubu mazito na maneno mengi, aliyeajiriwa hapo baada ya Krismasi. Akawauliza walikotoka, akaja na chupa ya sidra, akainyanyua juu ya kichwa mkono umenyooka, bilauri akaishusha mpaka pajani, na bila hata kuangalia akamimina. Kinywaji kikashuka chembamba kama uzi, kikagonga ukingo wa bilauri na kutoa povu. Akampa Felisa, naye akakinywa kwa adabu, kidogo kidogo.

"Eh, mama! Hiyo siyo chai!" Nel akapiga kelele. "Mkupuo mmoja, povu likiwa hai! Halafu tone la mwisho mwaga hapo ulipoweka mdomo, bilauri ni moja, mwenzako naye anywe pasafi. Haya, na wewe mama wa Burgos. Lo! Hivyo ndivyo Burgos mnavyoshika bilauri?"

Etelvina, aliyekunywa sidra kwenye ghala la babu yake kabla hajaota meno yote, aliishika bilauri kwa mikono miwili kama kikombe cha uji. Akafundishwa. Akakosea makusudi, akafundishwa tena, akajimwagia kiatuni. Nel alicheka, Felisa alicheka, na meza ya pili ikacheka. Raha ya kutojua kitu! Alijisikia kama msichana aliyetoroka shule.

Wakaletewa ngisi waliopikwa na kitunguu, wakapangusa sahani kwa mkate. Kisha Felisa akamwambia Nel kwa aibu, "Mimi hasa nilitaka yale maharage meupe ya kwenu, yenye soseji ya damu. Nilielezwa habari za mama mmoja hapo jirani, kwamba yake hayana mfano. Lakini nimekuta pamefungwa."

"Bahati yako hiyo!" Nel akasema, akiinama kama anayetoa siri. "Yule mama? Maharage yake ni ya kopo. Anafungua, anapasha moto, anawauzia wageni."

Kiti kikaanguka.

"YA KOPO?" Etelvina alikuwa amesimama. "Ya kopo, we mwenye masharubu kama ufagio? Nayachagua moja moja kwa mkono huu! Nayaloweka usiku kucha, nayalinda jikoni kama mtoto mwenye homa! Nani kakwambia ya kopo?"

Ndani ya jiko kitu cha bati kikadondoka sakafuni, na sauti ya mwanamume ikauliza polepole, "Etelvina?"

Servando akatokea na upawa mkononi, kipara kinang'aa kwa jasho. Akamtazama kuanzia viatu mpaka rangi ya mdomo.

"Mbona umevaa hivyo?" akauliza.

"Usinibadilishie mada! Huyu mtu wako anasema natumia kopo!"

Nel akamgeukia Servando. "Bosi, si wewe uliyeniambia?"

Kipara cha Servando kikabadilika rangi. "Nilisema siku ile wateja wa basi zima walipoingia kwako wakaniacha hapa na sufuria limejaa. Hasira tu, Etelvina. Sikudhani huyu atayageuza kuwa wimbo."

"Niletee yako," Etelvina akasema, akikiinua kiti na kuketi. "Yako. Sasa hivi. Tuyaone."

Yakaletwa, yakifuka moshi. Akachukua kijiko, akaonja. Watu wakangoja. Akaonja tena, akafumba macho.

"Zafarani umezidisha."

"Kwa hiyo mabaya?"

"Nimesema umezidisha. Sijasema uondoe sahani." Akaivuta karibu. "Keti."

"Jikoni je?"

"Jiko halina miguu. Keti, mwanamume wewe, ule chakula chako kama mteja."

Servando akaketi kwenye kiti chake mwenyewe kama mtu aliyealikwa ugenini, asijue aweke wapi mikono. Felisa, ambaye shingo yake ilikuwa ikigeuka huku na kule kama anayetazama mechi ya tenisi, hatimaye akapata pa kuingilia.

"Kwa hiyo... Burgos?"

"Burgos, dada yangu, nimepita kwa treni. Sikushuka hata kunawa mikono. Nisamehe."

Felisa aliangua kicheko mpaka sidra ikamtokea puani, Nel akakimbilia taulo, na mteja wa meza ya pili akampiga mgongoni asije akapaliwa. Walikaa hapo mpaka adhuhuri ikawa alasiri. Servando alikula sahani mbili, akakiri kwa sauti ya chini kwamba zafarani ilikuwa nyingi.

Felisa alikuwa aondoke kesho yake, lakini aliahirisha basi mpaka shimo la jiko la Etelvina likazibwa, akawa wa kwanza kula. Etelvina naye aliwaambia mafundi, kabla hawajafunga mifuko yao, wabomoe na kile kidirisha, wakifanye kipana kiasi cha mtu kuona meza zote. Oliva alilalamika juu ya vumbi na harufu. Hakusikilizwa. Sasa wateja wanamwona mpishi amejiegemeza pale, viwiko vimetulia, akiwatazama wanavyotafuna, na wengine huona haya.

Jumanne hapiki. Huvaa koti la buluu na kwenda kula kwa watu. Juma lililopita alikwenda Gijón, kula dagaa wa kuchoma ufukweni, na Servando naye akaenda, kila mmoja akisema alikuwa na shughuli zake huko. Walirudi wananuka moshi, wakibishana njia nzima kutoka stesheni kama wale samaki walitiwa chumvi kabla ya moto au baada yake.